Umefunga daunpaipu na injekta kubwa? Weka mafuta sawa kabla hujakanyaga

Wakuu, nianze na ujinga wangu mwenyewe maana ndio ulionifundisha haya yote. Nina Forester SG5, ile ya turbo yenye injini ya EJ205, niliichukua ikiwa haijaguswa kabisa na miezi minne ya mwanzo nilijikaza kuiacha hivohivo, ikanishinda. Nikaenda Gerezani nikapata bomba la hewa la aluminiamu lenye eaklina ya koni, nikachongewa daunpaipu (bomba la ekzosi linalotoka kwenye turbo) isiyo na katalisti (kile kisafisha moshi), fundi akafunga vyote mchana mmoja, taa ya chekinjini ikawaka, akachomoa terminali ya betri dakika kumi akarudisha, taa ikazima, akaniambia "bosi sasa hii gari inapumua". Na kweli ilipumua, mpaka Kibaha nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya gari. Chalinze sikufika na gari zima. Moshi wa bluu nyuma, inamisi, kuja kupima kompresheni silinda namba nne iko chini, kufungua pistoni ile sehemu inayoshika ringi imevunjika.

Sasa cha ajabu ni kwamba hakuna kifaa hata kimoja kilichokuwa kibovu. Tatizo ni kwamba vifaa vilibadilika afu hakuna aliyeiambia kontroboksi, yaani kompyuta ya injini.

Hesabu yake iko hivi. Sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, haikamati hewa yote, ina kiwaya cha moto kinachopoozwa na hewa inayopita hapo kilipo, halafu kontroboksi inatumia jedwali lililoandikwa kiwandani kwa upana wa bomba la kiwandani. Bomba langu la zamani ndani lilikuwa milimita 65, jipya 70, nilikuja kuyapima kwa venia baada ya msiba. Utasema milimita tano kitu gani, lakini eneo la duara linaenda kwa mraba, 70 mara 70 ni 4900, 65 mara 65 ni 4225, gawanya unapata 1.16. Maana yake kila sensa iliposema hewa gramu 100 kiukweli zilikuwa zinaingia 116, na zile 16 za juu hazina mafuta yake. Kontroboksi ilikuwa inadhani inapeleka AFR (uwiano wa hewa na mafuta) ya 11.1 wakati wa busti (turbo ikisukuma hewa kwa presha), kilichokuwa kinafika ndani ni karibu 12.9. Na kuna kidonda cha pili ambacho wengi hawakijui, hiyo sensa ndo inatumika pia kukadiria injini imebeba mzigo kiasi gani, kwahiyo ikisoma hewa pungufu kontroboksi inaona "aa huyu anatembea kawaida tu" inaongeza taiming, yaani plagi inatoa cheche mapema zaidi. Mafuta madogo, taiming kubwa, na daunpaipu nayo imeongeza busti yenyewe bila kuombwa. Pistoni ingefanyaje.

Kwanini mjini haikusumbua? Kwasababu ukienda taratibu kontroboksi inajisahihisha, inasoma sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi, inaona mafuta machache inaongeza, na ikifanya hivyo muda mrefu inayaweka kwenye kumbukumbu. Ukikanyaga hadi chini inaacha kuitegemea sensa hiyo, inaenda kwa kukariri, inachukua kilichoandikwa kwenye majedwali pamoja na ile kumbukumbu basi. Na kumbukumbu yangu ndio fundi alikuwa ameifuta kwa kuchomoa betri! Kwahiyo nilikanyaga gari ambayo haijajifunza chochote kuhusu bomba jipya.

Basi haya ndio ninayofanya sasa, kwa mpangilio ninaoufuata. Mifano ni ya Subaru maana ndio gari ninayoijua kwa ndani, mwenye Toyota au Nissan ya MAF mantiki ni ile ile majina tu ya majedwali yatatofautiana.

Lugha kidogo kwanza

AFR ni uzito wa hewa kwa uzito wa mafuta. Petroli inaungua ikaisha yote kwenye 14.7 kwa 1, hiyo ndo sensa ya oksijeni ya gari inaitafuta ukiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa) au mwendo wa kutulia. Namba ikipanda juu ya hapo mchanganyiko ni mkavu, mafuta machache. Ikishuka ni mzito. Ukitaka nguvu huendi na 14.7, injini isiyo na turbo ukiikanyaga inapenda 12.5 mpaka 13, ya turbo kwa mafuta yetu ya sheli mi nalenga 11.0 mpaka 11.3 kwenye busti kamili, maana yale mafuta ya ziada yanapooza chumba cha kuchomea na kuzuia kugonga (mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda). Kumbuka hizi gari za Japani zenye turbo ziliandikiwa mafuta ya kwao ya oktani kubwa, yale yanayouzwa huko kama 100, kwahiyo hata ikiwa haijaguswa kabisa tayari taiming yake ni ya matumaini kidogo kwa huku kwetu.

Kwenda mzito kupita kiasi nako sio usalama kama watu wanavyodhani. Ukishuka 10 na chini gari inakuwa zito, ekzosi inatema masizi, plagi zinalowa, na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda mpaka inashuka kwenye sampo. Chomoa kijiti cha oili unuse, kikinuka petroli ujue unaua beringi taratibu.

Vitu vya kuwa navyo

Sensa ya waidibendi, ile inayosoma AFR kwa upana, na geji yake. Hapa sina mjadala. Sensa nyingi za kiwandani zinajua vizuri eneo la karibu na 14.7 tu, hata zile za A/F za Subaru ambazo zinaona mbali kidogo bado kwenye gari nyingi zimekaa kabla ya turbo kwenye joto na presha, ukikanyaga namba zake usiziamini. Tafuta inayotumia Bosch LSU 4.9, kuna kampuni kadhaa zinatengeneza geji zake. Nati yake ichomelewe kwenye daunpaipu baada ya turbo kama sentimita 60 hivi kutoka turbo inapotemea, na sensa ikae imeelekea juu, kama uso wa saa basi kati ya namba 10 na namba 2, isilale chini maana ekzosi ikiwa ya baridi inatoa maji, na tone moja la maji kwenye sensa ya moto linaipasua.

Kingine ni kebo na laptopu. Kwa Subaru ni Tactrix Openport 2.0, EcuFlash ya kusoma na kuandika kontroboksi, RomRaider ya kuhariri majedwali na kurekodi data, programu zote mbili bure. Kebo za kopi zimejaa na bei yake inatamanisha, mi mwenyewe nilianza na kopi ya kurekodia tu, lakini kuandika kontroboksi kwa kebo inayokata mawasiliano katikati ni kununua kontroboksi nyingine. Kabla hujaandika chochote soma faili la asili, lihifadhi kwenye laptopu, kwenye flashi, kwenye imeili, popote. Na wakati wa kuandika betri iwe na chaja, feni na taa zimezimwa.

Zaidi ya hapo geji ya presha ya mafuta, mtungi wa kuzimia moto, na rafiki wa kushika laptopu. Huwezi kuendesha huku unasoma namba, tusidanganyane.

Usiguse laptopu kabla ya kumaliza huku chini

Hapa ndio sehemu watu wanairuka na ndio yenye kazi. Kama kuna tundu la hewa unaweza kutyuni mwezi mzima na kila ukiponya hapa inaumwa pale.

Anza na kompresheni, silinda zote nne zikaribiane, ikiwepo moja iliyoachana na wenzie zaidi ya asilimia 10 au 15 simama hapo hapo, hiyo gari haihitaji kutyuniwa inahitaji kufunguliwa. Halafu hewa. Hosi zote za vakyumu, klempu za intakuula (kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo), gasketi za manifodi, ile hosi ya mpira iliyo chini ya turbo ambayo hakuna mtu anaiona. Ukipata fundi mwenye mashine ya moshi ndo vizuri, inapuliza moshi kwenye mfumo unaona unapotokea. Ukikosa, ziba mdomo wa turbo kwa kipande cha bomba la plastiki chenye valvu ya tairi, pulizia upepo wa presha ndogo tu kama psi 10 au 12, pakaza maji ya sabuni usikilize. Tundu lililo kati ya MAF na turbo linafanya injini inyonye hewa isiyohesabiwa, gari inaenda kavu. Lililo baada ya turbo kwenye busti linatema nje hewa iliyokwisha hesabiwa, gari inaenda mzito. Tundu moja kwenye bomba moja, majibu mawili tofauti.

Ekzosi nayo. Ikivuja kabla ya sensa ya oksijeni inavuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni nyingi inadhani mafuta machache, kontroboksi inaongeza mafuta ambayo hayakuhitajika. Ukisikia tiktiktik asubuhi injini ikiwa ya baridi afu inapotea ikipata moto, hapo.

Kama eaklina yako mpya ni ile ya kupaka oili, paka kidogo sana, ikizidi inarukia kiwaya cha MAF na sensa inaanza kudanganya. Dawa ya kusafishia MAF ipo, usitumie ya breki na usikiguse kwa kitambaa.

Plagi weka mpya kabla ya kuanza, na kama umeongeza busti shuka hatua moja kwenye ubaridi, kwa NGK namba kubwa ndio baridi zaidi kwahiyo kutoka 6 unaenda 7, gepu iwe kama milimita 0.7. Mwisho presha ya mafuta: ondoa hosi ya vakyumu kwenye regyuleta injini ikiwa sailensa, hizi EJ zinatakiwa zikae kwenye bar 3 hivi. Ukirudisha hosi inashuka kidogo, na ukiwa kwenye busti inatakiwa ipande sambamba na busti, busti ya bar 0.9 presha iende 3.9. Ikikwama au ikaanza kushuka juu kule basi pampu imechoka, na hakuna jedwali duniani litakaloziba pengo la pampu iliyochoka. Kuna mafundi wakiona gari kavu wanaongeza presha kwa regyuleta ya kuzungusha. Inafanya kazi ndio, lakini mafuta yanaongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha, kutoka bar 3 kwenda 3.5 ni asilimia 8 tu, na yanaongezeka kila mahali hata pale yasipotakiwa, huku pampu ikiteseka zaidi.

Ukitaka kufungua mabomba ya mafuta chomoa fyuzi ya pampu kwanza piga stata mpaka injini izime yenyewe. Petroli ya bar 3 machoni haichekeshi.

Injekta kwanza, MAF baadae

Huu mpangilio ndio moyo wa somo lote. Kontroboksi inajua mambo mawili, hewa imeingia kiasi gani na injekta inatema kiasi gani. Ukikosea moja unaweza kuificha kwa kudanganya kwenye lingine na AFR ikaonekana nzuri kabisa kwenye geji, ila kwakuwa hewa ndio inayotumika kuchagua taiming utakuwa umeharibu taiming bila kujua. Kwahiyo mwenye injekta mpya usiguse jedwali la MAF mpaka injekta ziwe sawa, na mwenye bomba jipya tu injekta za zamani asiguse kabisa namba ya injekta. Na ukiweza funga kimoja kwanza ukimalize ndipo ufunge kingine, najua inachosha.

Tuseme umetoka injekta za cc 440 umeweka za 565. Bila kuiambia kontroboksi kila tone ni kubwa kwa 565 kugawa 440, yaani 1.28, na gari iliyokuwa ikitaka 14.7 itapata kama 11.4. Itawaka kwa shida, itanuka, itatoa moshi mweusi. Kwenye RomRaider kuna namba ya ukubwa wa injekta, ibadilishe kwa uwiano huo huo. Hapo unakuwa umekaribia, sio umefika.

Kinachobaki ni muda wa injekta kufunguka. Ikipewa umeme haifunguki papo hapo, inachelewa kama milisekunde moja hivi, na umeme ukishuka inachelewa zaidi, ndio maana kuna jedwali la volti na ucheleweshaji. Muuzaji mwenye akili anakupa hizo namba na injekta, ukinunua zilizotumika bila karatasi utazitafuta mwenyewe. Namna ya kuzitambua: ukiwa sailensa injekta inafunguka muda mfupi sana, kwahiyo kosa dogo la ucheleweshaji linaonekana kubwa, ukiwa kwenye mwendo linamezwa. Kwahiyo masahihisho yakiwa +10 sailensa lakini karibu sifuri kwenye mwendo, na una uhakika hakuna tundu la hewa, ongeza ucheleweshaji kidogo. Yakiwa +10 kotekote, namba ya ukubwa ndio imekosea. Washa taa zote, AC, feni, uone kama masahihisho yanahama umeme ukishuka, yakihama jedwali la volti bado.

Masahihisho ninayosema ni mambo mawili kwenye programu, A/F Correction ambayo inahamahama kila sekunde, na A/F Learning ambayo ndio ile kumbukumbu. Jumlisha zote mbili. Kuongeza ni alama ya jumlisha, maana yake gari ilikuwa kavu. Ndani ya 5 kila upande mi nalala usingizi, ikipita 10 kuna kitu. Na bora uyaone mapema kabla kontroboksi haijakata tamaa ikakuwashia taa na P0171 au P0172, ya kwanza ni kavu ya pili ni mzito.

Kunyoosha MAF

Futa kumbukumbu, pasha injini moto mpaka maji yapite digrii 80, ndio uanze kurekodi. Rekodi volti za MAF, A/F Correction, A/F Learning, rpm (mizunguko ya injini kwa dakika), joto la hewa. Endesha taratibu, mguu mlaini, saa moja ya foleni na barabara ya wazi mchanganyiko, unataka kila volti iwe na data za kutosha. Ukikanyaga ghafla au ukiachia ghafla hizo sekunde zitupe, mafuta yanayoshika kwenye kuta za bomba yanachafua hesabu.

Ukirudi nyumbani panga data kwa volti. Tuseme kwenye volti fulani jedwali linasema gramu 20 kwa sekunde na jumla ya masahihisho hapo ni +8, weka 21.6. Sehemu nyingine ni gramu 34 na masahihisho ni -5, weka 32.3. Ukimaliza ichore uiangalie kwa macho, inatakiwa iwe mteremko laini, ikiwa na kona kama barabara ya Lushoto basi umefuata data chafu, ilainishe. Andika, futa kumbukumbu, rudia. Mimi raundi ya tatu ndio masahihisho yalitulia chini ya 4.

Sasa sikia hili maana liliniuma. Subaru nyingi za kizazi hiki zinagawa kumbukumbu ya masahihisho kwa makundi manne ya hewa, na lile kundi la mwisho la hewa nyingi ndio linabebwa mpaka ukikanyaga hadi chini. Kwahiyo ukijidanganya kwamba "mi sijali mwendo wa kawaida nataka tu pawa", kosa la -8 ulilojifunza ukiwa kilomita 90 kwa saa barabarani linakwenda kupunguza mafuta asilimia 8 ukiwa kwenye busti kamili. Nyoosha huku chini kwanza.

Kukanyaga

Hii sehemu ifanyie kwenye daino, ile mashine ya kupimia nguvu gari ikiwa imesimama juu ya rola. Barabara ya Morogoro sio daino, kuna malori, kuna bodaboda bila taa, kuna trafiki na tochi kila kona, na gia ya tatu mpaka rpm 6000 umeshapita 100 kwa mbali. Kama daino haipo fika eneo lililofungwa kwa ruhusa ya mwenye eneo.

Anza na busti ya chini kabisa gari inayoweza, taiming ipunguze digrii tatu nne, jedwali la mafuta liwe mzito kidogo kuliko unavyotaka. Gia ya tatu, kuanzia 2500, kanyaga mpaka 5000 tu, achia, simama pembeni soma rekodi. Unasoma mambo matatu kwa mpangilio huu: kugonga, AFR, busti. Kwenye Subaru kuna namba inaitwa Feedback Knock Correction, ikiwa sifuri safi, ikionyesha -1.4 mara moja angalia tena, ikijirudia pale pale rpm ile ile basi inagonga kweli, achia mguu. Kuna na ile namba kubwa ya imani ya kontroboksi kwenye taiming, IAM, kwenye kontroboksi za bit 16 inakaa 16 ukiwa mzima na kwenye mpya zaidi inakaa 1, ikishuka usikanyage tena siku hiyo mpaka ujue kwanini.

AFR ikitofautiana na uliyoagiza, rudi kwenye MAF kwa hesabu fupi. Uliagiza 11.1, waidibendi imesoma 11.9, gawanya 11.9 kwa 11.1 unapata 1.07, zidisha gramu za volti ile kwa 1.07. Waidibendi inachelewa sehemu ya sekunde, kwahiyo inayosomeka 4200 huenda ni ya 4000, liweke akilini. AFR ikianza vizuri ikakauka kadiri rpm inavyopanda usikimbilie jedwali, hesabu kwanza injekta zimejaa kiasi gani: rpm mara milisekunde za kufunguka, gawa kwa 1200, jibu ni asilimia. Rpm 6000 na milisekunde 16 ni 80, hapo umefika, zaidi ya 85 injekta haina nafasi ya kufunga vizuri. Zikiwa 65 tu na bado inakauka, pampu, chujio la mafuta, au waya wa umeme wa pampu umekonda.

Ikiwa safi, panda hadi 6000, halafu busti kidogo kidogo, halafu taiming digrii moja moja. Mi niliacha nyuzi mbili chini ya pale ilipoanza kunong'ona. Wapo wataokuambia umeacha nguvu mezani, waambie wakununulie pistoni.

Vijambo vidogo vinavyosumbua

Blou-ofu valvu inayotema nje, ile ya pshhh. Kwenye gari ya MAF ile hewa imeshahesabiwa na mafuta yake yameshatemwa, ukiitoa nje kila ukibadili gia unapata sekunde ya mchanganyiko mzito, mlio wa pop kwenye ekzosi na wakati mwingine gari inazima ukifika kwenye taa. Watu wanadhani ni tyuning, hapana, rudisha hosi ya kurudisha hewa kwenye bomba la kuingizia hewa, kati ya MAF na turbo.

Mwinuko. Dar presha ya hewa ni kama kPa 101, Mbeya mjini kama 83. MAF inapima uzito wa hewa kwahiyo AFR haisumbuki sana, ila turbo inazunguka zaidi kutafuta busti ile ile na hewa inatoka ya moto zaidi. Usitumie rekodi za Uyole kuamulia busti ya Dar. Wenye kabureta ndio wanaoteseka, huku juu inakuwa mzito yenyewe, fundi wa Mbeya anakupunguzia jeti inakuwa tamu, ukishuka nayo Dar inakuwa kavu na valvu zinaungua. Weka jeti za zamani kwenye mfuko kwenye dashibodi.

Na ukimaliza kila kitu, baada ya kilomita 500 hivi chomoa plagi zote nne uzipange kwa namba. Kahawia ya maziwa ya chai ni sawa, nyeusi ya masizi makavu ni mzito, nyeupe kama chokaa yenye vitone vinavyometa vya aluminiamu ni pistoni inaanza kutoka vipande vipande. Zikitofautiana, tatu kahawia na moja nyeupe, hilo sio la laptopu, ni injekta ya silinda hiyo imeziba, peleka zote zikasafishwe na kupimwa mtiririko kwenye mashine. Yangu ya namba nne ndio nachungulia ya kwanza kila safari.